Kabla Hujanunua Chensoo: Mwongozo Kamili kwa Watu wa Mtwara na Lindi

Haipiti wiki bila mtu kuingia kibandani kwangu Masasi, kuweka simu mezani na kunionyesha video ya chensoo mpya inayopita kwenye gogo la Ulaya kama kisu kwenye papai. "Fundi, hii itafika lini huku kwetu?"

Swali zuri, ila hilo ni la tatu. La kwanza ni unakwenda kukata nini. La pili ni nani atakuuzia sproketi (kigurudumu chenye meno kinachozungusha cheni) mwakani. Watu wengi hurukia la tatu, na mwisho wake naujua kwa sababu mashine zao ndizo zimejaa chini ya benchi langu: hazijachakaa, zinasubiri kifaa kidogo kuliko kiganja ambacho hakuna mtu anakiuza kusini mwa Rufiji.

Anza na mti

Kwa wenzetu wa Tandahimba, Newala na Masasi vijijini, kazi kubwa ni mikorosho: kupogolea baada ya mavuno, kupunguza miti iliyosongamana, kukata mikongwe ili kubebesha kisiki kikonyo cha aina bora au kupanda miche mipya. Mkorosho hauna mbao ngumu. Mashine ya cc 35 hadi 45 yenye baa ya inchi 14 au 16 inatosha kabisa (baa ni lile bapa refu la chuma linalobeba cheni). Uzito ndio wa kuangalia zaidi, kwa kuwa utashinda mikono imenyooka mbele siku nzima. Mtu wa korosho anayenunua mashine ya cc 90 "ili isimsumbue" atasumbuliwa na mgongo.

Mitiki, mwembe uliozeeka, mwarobaini uani: cc 50 hadi 60.

Ukiwa na kazi halali ya mninga, mkongo au mpangapanga huko Liwale, Nachingwea au Kilwa, hapo ndipo zinaanza mashine za kazi, cc 65 hadi 75 na baa ya inchi 20 hadi 25. Kwa mvule mnene panda hadi 90, ujue pia kwamba kila kitu kinapanda nayo: petroli, oili, bei ya cheni, na uchovu wa msaidizi.

Mpingo nautenga peke yake. Ni mgumu hadi unazama majini, lakini shina lake ni jembamba na limejipindapinda, kwa hiyo baa ya inchi 30 haikusaidii kitu. Unahitaji nguvu ya wastani, baa fupi na cheni iliyonolewa vizuri. Nimeona vijana wakilaumu injini kwenye mpingo, kumbe cheni ilikuwa butu tangu gogo la pili.

Chapa, bila ushabiki

Kusini huku majina mawili ndiyo yametawala mazungumzo. Stihl ni ya Ujerumani, ilianzishwa na Andreas Stihl mwaka 1926. Husqvarna ni ya Sweden, kampuni iliyoanza mwaka 1689 kwa kutengeneza bunduki na kuingia kwenye chensoo mwaka 1959. Zote mbili ni nzuri, na kubishana ipi zaidi ni kama kubishana Simba na Yanga: kunapitisha jioni lakini gogo halikatiki.

La maana ni kujua ngazi ndani ya chapa yenyewe. Kampuni hizi hutengeneza mashine za nyumbani na mashine za wataalamu, na rangi ni ileile. Ya mtaalamu ina mwili wa magnesiamu, inavumilia kufunguliwa na kufungwa mara nyingi, na inafanya kazi siku nzima. Ya nyumbani ina plastiki nyingi zaidi na imekusudiwa kazi za hapa na pale. Kwa Husqvarna tafuta herufi XP, mfano 372 XP, yenye takriban cc 71. Kwa Stihl, mashine kama MS 381 na MS 382, zote cc 72.2, ni za kazi nzito na kabureta zake (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) fundi wa kawaida anaziweza. Mimi ningekuwa naanza leo, ningeanzia hapo.

Makita wapo pia. Waliinunua Dolmar ya Ujerumani mwaka 1991, lakini mwaka 2022 waliacha kutengeneza mashine za petroli wakahamia kwenye za betri. Ukikuta ya petroli inauzwa kwa bei ya kutupwa, usisahau kuuliza vipuri vyake vitatoka wapi miaka mitano ijayo.

Halafu kuna Mchina, zile zenye 5200 au 5800 ubavuni na jina linalobadilika kila kontena. Sizidharau. Kwa mkulima mwenye ekari chache za korosho na kazi ya wiki mbili kwa mwaka, mashine hiyo inaweza kumtosha, mradi akijua anachonunua: nguvu halisi hupungua kuliko ile iliyoandikwa, na akifikisha msimu wa tatu ashukuru. Kosa ni kuipeleka porini kwa kazi ya kila siku.

Feki inayovaa nguo za orijino

Ugomvi wangu mimi ni na feki. Mchina anayejiita kwa jina lake hajaniudhi.

Mwaka wa pili wa ufundi wangu nilipanda basi hadi jiji kubwa, nikalipa pesa ya orijino na kurudi na sanduku zuri sana. Siku ya kumi na moja mashine ikakaza. Nilipofungua silinda, lile tabaka gumu la ndani lilikuwa limebanduka kama rangi ya ukuta wenye chumvi, na vipande vyake vimekwaruza pistoni juu hadi chini. Nilimpigia muuzaji. Akaniambia nimechanganya mafuta vibaya. Risiti aliyonipa ilikuwa ya mkono, imeandikwa "mashine 1". Ningepeleka wapi?

Tangu hapo naangalia hivi.

Kwanza namba ya mashine. Kwenye Stihl ni tarakimu tisa zilizogongwa kwenye mwili wenyewe. Ikiwa ipo kwenye stika tu, iache. Halafu mwambie muuzaji afungue sanduku la pili la mashine ileile na ulinganishe. Namba zikifanana umeshajua, maana anayeiga hasumbuki kubadilisha. Mtihani huu hauna gharama, na uso wa muuzaji utakujibu kabla ya sanduku.

Pili, usikimbilie kusema "imeandikwa China, basi ni feki". Stihl wana kiwanda chao Qingdao, na kingine Brazil na kingine Marekani. Nchi iliyoandikwa haitoshi kuihukumu mashine.

Tatu, ishike. Plastiki ya feki hung'aa kupita kiasi na kingo zake zinakwaruza kidole. Vuta mpini wa mbele huku umeshika wa nyuma: mipira ya kuzuia mtikisiko inapaswa kucheza kidogo kisha irudi. Iliyokufa ganzi, au inayolegea kama jino la mtoto, zote mbili hazifai.

Nne, jihadhari na 070. Ile mashine ya zamani ya takriban cc 106 ndiyo inayoigwa kuliko zote Afrika. Ni nzito na ni muundo wa miaka ambayo breki ya cheni haikuwa jambo la lazima. Wazee wanaipenda kwa sauti yake. Mimi simuuzii kijana mashine isiyo na breki ya cheni, hata akiniita mjomba.

Mpime muuzaji kabla ya mashine

Tumezoea kuzunguka maduka kuulizia bei ya mashine. Zunguka tena, safari hii uulizie bei ya vipuri. Ingia dukani kama mtu ambaye tayari anayo mashine:

"Shikamoo mzee. Nahitaji sproketi ya 382."
"Marahaba. Sproketi inakuja."
"Na ringi za klachi?"
"Hizo pia ziko njiani."

Kila kitu kiko njiani, basi na wewe shika njia. Muuzaji wa kweli atainama chini ya kaunta na kukutolea. Orodha ninayompa mteja aende nayo ni fupi: cheni, sproketi, klachi, pampu ya oili, kamba na springi ya stata, chujio la hewa, chujio la petroli, plagi, seti ya pistoni na silinda. Saba kati ya hivyo vikiwepo dukani, huyo ni muuzaji wa mashine. Vikiwepo viwili, huyo ni muuzaji wa masanduku.

Unaweza kudhani nakuza mambo, kwa kuwa kipuri cha Kariakoo kinapakiwa jioni na kesho kipo stendi. Ni kweli, siku njema. Mei 2024, kilipopita Kimbunga Hidaya, mvua ilikata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa, pamoja na Somanga. Mteja wangu mmoja alikuwa na kibali mkononi, vibarua wamekaa, na klachi yake iko upande wa pili wa maji. Njia ya kuzunguka Songea na Tunduru ipo, lakini nauli yake unaweza kuongezea ukanunua klachi nyingine. Sasa namwambia kila mtu: siku unayonunua mashine, nunua hapohapo cheni mbili za akiba, sproketi, plagi, chujio la petroli na kamba ya stata. Vikae nyumbani.

Uliza pia nani atashughulikia dhamana. "Kampuni" si jibu. Jibu ni jina la fundi na mahali alipo. Chukua risiti ya EFD, ile ya mashine na siyo ya mkono, na uhakikishe muuzaji ameandika modeli na namba ya mashine. Ukiuziwa feki, malalamiko yanakwenda Tume ya Ushindani, FCC, na risiti ndiyo itakayokusemea.

Je, niisubiri hiyo mpya?

Sasa turudi kwenye ile simu mezani. Mashine inayoonyeshwa sana ni Stihl MS 500i, chensoo ya kwanza duniani ambayo petroli inapulizwa kwa kipimo kinachoamuliwa na umeme, bila kabureta. Sifa zake ni za kweli. Cc 79.2, kilowati 5.0, na kichwa chake peke yake bila baa na cheni ni kilo 6.2. Kwa nguvu hiyo ni nyepesi mno. Haina betri, umeme wake unazalishwa na mashine yenyewe unapovuta kamba. Husqvarna nao wana 592 XP, na zipo nyingine zenye kabureta inayojirekebisha yenyewe: M-Tronic kwa Stihl, AutoTune kwa Husqvarna. Kila mwaka kuna fununu ya inayofuata.

Tazama kalenda ya 500i. Ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2019. Marekani, lenye soko kubwa na barabara zisizokatwa na Hidaya, ilifika mwaka 2020. Piga hesabu mwenyewe lini fundi wa Nachingwea atakuwa amefungua ya kumi na kuzoea tabia zake. Kabureta ikileta nongwa naifungua kwenye gazeti, naisafisha kwa petroli na brashi, nabadilisha ngozi yake, saa moja umeondoka. Mfumo wa kielektroniki ukisumbua unasomwa kwa kifaa maalumu cha kampuni. Asiye na kifaa anabahatisha kwa pesa yako.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mashine mpya isubiri mpaka muuzaji wako akuonyeshe vitu vitatu kwa macho: kifaa cha kuisomea, fundi aliyefundishwa, na vipuri rafuni. Kama kazi ipo sasa, nunua ya kabureta sasa. Kama wewe ni mkandarasi mwenye mashine tatu, sawa, moja iwe ya majaribio. Mashine ya zamani nayo ina faida isiyotajwa kwenye video: kadiri modeli ilivyokaa sokoni ndivyo vipuri vyake vinavyozagaa. MS 660 ilishapisha MS 661 kitambo, lakini silinda yake utaipata Kariakoo kabla hujamaliza soda.

Na usinunue wiki ile pesa ya korosho inapoingia. Duka linajaa, muuzaji hana muda wa kufungua masanduku mawili, nawe una haraka. Njoo masika, duka likiwa kimya.

Majaribio ya dukani

Kabla ya kuwasha, shika mpini wa stata na uinyanyue mashine ining'inie kwa kamba yake. Inapaswa kushuka kidogokidogo, kwa kusitasita. Ikishuka kama ndoo kisimani, haina mgandamizo. Kwa iliyotumika, ongeza hatua moja: fungua ekzosi na umulike ndani kwa tochi ya simu. Pistoni iwe laini. Mistari ya kwenda juu na chini ni barua ya kifo.

Iwashe, iache iungurume kwa mlio mdogo bila kuipa mafuta. Cheni isitembee. Bonyeza mafuta: ipande bila kukwama. Sukuma breki kwa mgongo wa mkono ikiwa kasi: cheni isimame palepale. Elekeza ncha ya baa kwenye boksi jeupe bila kuligusa na uipe mafuta. Mstari mwembamba wa oili uchoreke. Usipochoreka, pampu haifanyi kazi na baa itaungua. Mwisho, zima ikiwa moto, zungumza dakika kumi, uwashe tena. Mashine mbovu nyingi huumbuka hapo.

Wiki ya kwanza, ndipo nyingi zinapouawa

Mafuta kwanza. Injini hii inakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kwa oili nzuri ya chapa ya mashine yako, uwiano ni moja kwa hamsini: mililita 20 kwa kila lita ya petroli, mililita 100 kwa galoni la lita tano. Kwa Stihl, ukitumia oili nyingine ya 2T, maelekezo ni moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 40 kwa lita. Usikadirie kwa kifuniko cha soda. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, ulifunge kwa uzi kwenye galoni. Bomba moja, lita moja. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mwongozo huu, nacho kimeokoa pistoni nyingi kuliko mimi.

Petroli chukua kituoni. Ya chupa za barabarani inaweza kuwa imekutana na mafuta ya taa, na mashine ya namna hii hailalamiki, inakaza tu. Uliyochanganya isikae zaidi ya mwezi.

Galoni za mwanzo, usiipigishe kelele ya bure bila kukata.

Oili ya cheni: najua utatumia oili chafu, kila mtu anatumia. Ina unga wa chuma ndani, inaziba pampu na kusugua baa, na siyo nzuri kwa ngozi yako. Oili mpya ya injini namba 40 inafaa zaidi. Kila ukijaza petroli, jaza na hiyo.

Kisha tupa ya kunolea. Namba ya cheni ni nafasi kati ya viungo vyake kwa inchi. Cheni ya 3/8 ya Stihl inataka tupa ya duara ya milimita 5.2, ya .325 inataka 4.8, ya .404 inataka 5.5. Weka pembe ya nyuzi 30, sukuma kwenda mbele tu, na hesabu: ukipiga mara tatu jino la kushoto, la kulia nalo mara tatu. Kuna sababu ya kuhesabu. Mwaka 1946 mkata miti wa Oregon, Marekani, Joseph Cox, alimwona funza kwenye kisiki akila mbao kwa kwenda kushoto na kulia, akatengeneza cheni yenye meno ya namna hiyo. Cheni za leo zinafuata wazo lake. Upande mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, mashine inakata mshazari na utalaumu baa.

Utajuaje ni wakati wa kunoa? Tazama kinachotoka. Vikitoka vipande vya mbao, endelea. Ukitoka unga kama wa muhogo, zima na ukae chini. Cheni ya 3/8 kwenye sproketi ya meno saba, injini ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, inapita mita 22 hivi kwa sekunde. Kuikandamiza ikiwa butu kwa kasi hiyo ni kuchemsha baa na klachi. Na usiguse kitu kwa robo ya juu ya ncha ya baa, maana ndipo mashine inaporuka kukujia usoni. Helmeti yenye wavu, buti ngumu, suruali nzito. Kandambili zibaki nyumbani.

Chujio la hewa lioshe kila jioni. Mchanga wetu ni mwembamba, unapita popote.

Karatasi

Kuwa na chensoo hakukupi ruhusa ya kuangusha mti. Kabla hata hujalipa, pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ya wilaya yako, uliza utaratibu wa kumiliki mashine na wa kuvuna, na ukiwa na shaka rudi tena. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inataka leseni, na mzigo barabarani unataka hati yake ya kusafirishia. Kwenye misitu ya vijiji, serikali ya kijiji na kamati ya maliasili ndio wenye mali. Kilwa wametangulia: mwaka 2009, kupitia shirika la MCDI, vijiji vya huko vilipata cheti cha FSC (cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri) kwa misitu yao, na wanaokata huko wanakata miti iliyopimwa na kuwekwa alama. Kazi ya namna hiyo ina hesabu inayoeleweka, na ndiyo inayolipa mashine ya kazi. Mashine iliyokamatwa ikakaa kituoni mvua mbili sitaki kuletewa. Kabureta yake huwa imeshaota kutu ya kijani, na mwenyewe bado anauliza kama ile ya kwenye video imefika.